Nianzie wapi kuchora na kodi? Maswali yanayojirudia kuhusu kuprogramu na laibrari za grafiki

Haya ni maswali ambayo wanaoanza wanayauliza kila siku, mengine kwa maneno yaleyale kabisa. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo mwanzo mpaka yale yanayokuja ukishaanza kuumwa kichwa. Pale jibu linapokwambia angalia swali fulani, we nenda kaangalie, sirudii kitu mara mbili. Na nikisema kodi namaanisha kodi ya kompyuta, sio ya nyumba.

## Kabla hujagusa kitu

1. Laibrari ya grafiki ni nini hasa?

Skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, kila moja inasubiri kuambiwa iwe rangi gani, na kama kuna kitu kinatembea inabidi ziambiwe upya mara 60 hivi kwa sekunde. Lugha ya kuprogramu kama Python au C yenyewe haijui hata dirisha ni nini. Dirisha unaliomba kwa Windows au Linux au macOS, kila mmoja na namna yake ya kuombwa, alafu kuna kadi ya grafiki nayo ina lugha yake. Laibrari ni kodi ambayo wenzako wameshaiandika kubeba hiyo adha yote, we unabaki kusema chora mraba hapa, upake nyekundu, basi.

Kwa hiyo ukiuliza "nijifunze Python au pygame" ni kama kuuliza nijifunze kushona au ninunue cherehani. Lugha ni kitu kimoja, laibrari ni kifaa unachokitumia kwa hiyo lugha. Injini ya gemu kama Godot au Unity ni kitu cha tatu, yenyewe inakuja na edita (programu ya kuandikia kodi), fizikia, sauti na lupu (kodi inayojirudia tena na tena) imeshaandikwa tayari. Sio mbaya, ila ukianzia huko unaweza kumaliza miezi unabonyeza vitufe vya injini na bado hujui kuandika `for`.

2. Nianze na lugha gani?

Python au JavaScript. Rusha sarafu. Kama chuoni wanakulazimisha C, basi C. Nimeona watu wanalinganisha lugha mwezi mzima na hawajaandika mstari hata mmoja, na wakati huo yule aliyechagua bila kufikiria ameshachora mpira unaodunda.

3. Sawa, nimechagua lugha. Laibrari ziko nyingi, nichukue ipi?

Kama ni Python na hujawahi kuandika kodi kabisa, anza na turtle. Kwa kawaida inakuja na Python yenyewe, huinstoli kitu. Unamwambia kasa nenda mbele 100, geuka digrii 90, rudia mara nne, umepata mraba. Wengine wanaidharau wanasema ya watoto, na kweli wazo lake limetoka kwenye Logo, lugha ya mwaka 1967 iliyotengenezwa kwa ajili ya kufundishia watoto, lakini ukishindwa kuchora nyota kwa turtle basi hutaiweza pygame pia, tatizo litakuwa lilelile limevaa nguo nyingine.

Ukishazielewa lupu na fanksheni (vipande vya kodi vyenye jina unavyoviita ukivihitaji), hamia pygame. Ipo tangu 2000 na chini yake imekalia SDL, laibrari ya C iliyoanza 1998, kwa hiyo siku ukienda C utakutana na mawazo yaleyale.

Kwa JavaScript chukua p5.js. Hii ni ndugu wa Processing, mradi ulioanza 2001 kwa ajili ya wasanii na watu wa usanifu, ndo maana unajikuta unachora tangu dakika ya kwanza. Unaandika `setup` na `draw`, lupu inazungushwa kwa niaba yako. Kwa C, mi napendekeza raylib bila kusita. Ilianza 2013, aliyeitengeneza alikuwa anafundisha wanafunzi kutengeneza gemu na inaonekana, manake mifano yake ni mifupi na majina ya fanksheni unayaelewa ukiyasoma tu.

Chagua moja ukae nayo angalau miezi mitatu. Ukirukaruka kila wiki utajua kufungua dirisha kwa laibrari saba na hakuna kitu ndani ya hayo madirisha.

4. Si bora niende moja kwa moja OpenGL au Vulkan, ndo wakubwa wanatumia?

Unaweza, ila jua unaingia wapi. Hizo ni njia za kuongea na kadi ya grafiki karibu moja kwa moja. Vulkan, iliyotoka 2016, kuchora pembetatu moja tu inataka karibu mistari elfu moja ya kodi. Elfu moja! Kwa sababu inakukabidhi kila kitu mkononi, memori, foleni za kazi, kusubiriana kati ya prosesa na kadi. Hiyo ni raha kwa mtu anayejua anachokitafuta, kwa anayeanza ni mateso tu.

OpenGL ni nafuu ila ina mtego wake. Ipo tangu 1992, kwa hiyo mtandaoni kuna mafunzo ya kila kizazi yamechanganyika. Ukiona mtu anaandika `glBegin` na `glEnd`, hiyo ni ya zamani, ilitangazwa kuwa inaondoka tangu toleo la 3.0 mwaka 2008. Bado inafanya kazi kwenye kompyuta nyingi, na hapo ndo watu wanapopotelea, wanachukua nusu ya kodi huku na nusu kule, matokeo yake skrini nyeusi bila kosa hata moja. Kwenye macOS ndo usiseme, Apple waliiweka OpenGL kando 2018 na imeishia toleo la 4.1. Lini uhamie huko, angalia swali la 21.

5. Lazima niwe na kompyuta yenye kadi kubwa? Na wenye simu tu je?

Hapana. Mraba unaotembea na gemu ndogo za 2D zinaenda vizuri kwenye laptopu ya miaka kumi iliyopita. Mwenye simu tu aende na p5.js, ina edita yake inayofunguka ndani ya brauza. Kuandika mabano kwa kidole inachosha, sikufichi, ila inawezekana.

6. Hesabu sikuwa vizuri, na Kiingereza changu cha kuokoteza. Nitaweza?

Kwa 2D unahitaji kujumlisha, kutoa, kuzidisha, Pitagora kwa ajili ya umbali kati ya vitu viwili, na baadaye sine na kosine. Uzuri ni kwamba huku sine unaiona kwa macho. Andika `x = 320 + 100 * cos(t)` na `y = 240 + 100 * sin(t)`, ongeza `t` kidogo kila fremu (kila mara skrini inapochorwa upya), na kitu chako kinazunguka duara lenye nusu kipenyo cha 100. Mimi shule nilikariri hizo, nikaja kuzielewa siku nilipoona nukta inazunguka. Ila kumbuka `cos` ya kwenye kodi karibu zote inataka radiani, sio digrii. Ukiandika `cos(90)` ukitegemea sifuri utapata -0.448 na utadhani kompyuta imelewa.

Kiingereza: Python ina maneno yake maalum 35 tu, hayo utayazoea ndani ya wiki. Majina mengine yote weka ya Kiswahili ukitaka, `kasi`, `mchezaji`, `skrini`, kompyuta haijali. Kitu cha kujilazimisha ni kusoma ujumbe wa kosa, na kwenye Python anzia mstari wa mwisho kabisa, hapo ndo penyewe.

## Kuinstoli, mahali ambapo wengi wanakata tamaa

7. Edita gani nzuri?

VS Code, Thonny, hata ile IDLE inayokuja na Python. Yoyote. Ila kodi yako ujue pia kuiendesha kutoka terminali (lile dirisha la kuandikia amri), utaona umuhimu kwenye swali linalofuata.

8. Nimeinstoli pygame, pip imesema imefanikiwa, lakini nikiendesha napata `ModuleNotFoundError`. Kwa nini?

Hili ndo swali namba moja, nadhani kuliko yote. Karibu kila mara jibu ni kwamba una Python mbili au tatu kwenye kompyuta moja, pip (kifaa cha kuinstoli laibrari za Python) imeweka pygame kwenye moja na edita inaendesha nyingine. Dawa ni kuacha kuandika `pip install` tupu. Andika `python -m pip install pygame`, ukitumia ileile `python` utakayoendeshea kodi. Windows inaweza kuwa `py`, Linux na macOS mara nyingi `python3`. Kama hujui edita yako inatumia ipi, weka mistari hii juu ya faili uiendeshe:

```
import sys
print(sys.executable)
```

Itakuonyesha njia kamili ya Python yenyewe. Ikopi hiyo njia, uipesti kwenye terminali, ongeza `-m pip install pygame` baada yake, tatizo limekwisha.

Kama pip yenyewe ndo inakataa na kumwaga makosa mekundu ukurasa mzima, mara nyingi umechukua Python iliyotoka juzi na laibrari bado haijatengenezewa toleo lake. Shuka toleo moja au mawili chini. Sio aibu.

9. Inasema `partially initialized module 'pygame' has no attribute 'init'`. Hii nini tena?

Faili lako umeliita pygame.py. Si ndiyo? Ukisema `import pygame`, Python inaangalia kwanza kwenye folda lilipo faili unaloliendesha, inakuta faili lako, inajiimport yenyewe. Badilisha jina. Ni vilevile kwa turtle.py na random.py. Mi hili lilinila siku mbili, niliinstoli upya Python mara tatu na nikafuta na edita, kumbe jina la faili.

10. Natumia C. Mara `No such file or directory`, mara `undefined reference`, nachanganyikiwa.

Hayo ni makosa mawili tofauti na ukiyatofautisha umeokoa miezi. La kwanza linatoka kwa kompaila (anayegeuza kodi yako kuwa lugha ya mashine), anasema faili la `.h` halioni, kwa hiyo mwonyeshe folda lilipo kwa `-I`. La pili linatoka kwa linka, yeye anakuja mwishoni kuunganisha vipande, anasema "jina la hii fanksheni nimeliona ila mwili wake uko wapi". Hapo unamwonyesha laibrari yenyewe kwa `-L` na `-l`. Na mpangilio una maana: kwa gcc weka laibrari baada ya faili lako, `gcc mraba.c -lraylib`, ukitanguliza `-lraylib` inaweza kukugomea.

Kosa la tatu linakuja baada ya yote kwenda sawa, programu inakataa kufunguka inadai SDL2.dll haipo. Weka hilo faili la dll kwenye folda moja na exe yako. Na usichanganye laibrari ya biti 32 na kompaila ya biti 64, linka hatakwambia vizuri kwamba tatizo ni hilo, anaweza kurudia tu zile `undefined reference`.

11. Mwalimu anatumia graphics.h, kwangu haifanyi kazi.

Hiyo ni ya Turbo C ya Borland, enzi za DOS. Programu za biti 16 haziendeshwi na Windows ya biti 64, kwa hiyo sio wewe. Kwa ajili ya mtihani tumia DOSBox, programu inayoigiza DOS. Kwa ajili ya maisha yako, raylib, swali la 3.

## Mraba wa kwanza

12. Naomba mfano mfupi kabisa unaofanya kazi.

Huu hapa, wa pygame. Uandike kwa mkono, usipesti.

```
import pygame
pygame.init()
skrini = pygame.display.set_mode((640, 480))
saa = pygame.time.Clock()
x = 0
inaendelea = True
while inaendelea:
    for tukio in pygame.event.get():
        if tukio.type == pygame.QUIT:
            inaendelea = False
    x = x + 3
    skrini.fill((0, 0, 0))
    pygame.draw.rect(skrini, (255, 0, 0), (x, 200, 50, 50))
    pygame.display.flip()
    saa.tick(60)
pygame.quit()
```

Mraba mwekundu unaanzia kushoto, na kama baada ya sekunde tatu na nusu unatokomea kulia. Karibu kila gemu ina umbo hili: sikiliza mtumiaji kafanya nini, badilisha namba, futa, chora, onyesha, rudia. Ukishaielewa hii lupu mstari kwa mstari, laibrari nyingine ni kubadilisha majina tu.

Sasa uharibu makusudi. Toa mstari mmoja, endesha, angalia kimetokea nini, urudishe. Maswali mawili yanayofuata utajijibu mwenyewe.

13. Dirisha linafunguka alafu linaganda, Windows inaandika haijibu.

Hujaweka ile `pygame.event.get()`, au kuna kitu ndani ya lupu kinakaa muda mrefu, kwa mfano `time.sleep(10)` au `input()`. Programu isiposikiliza matukio kwa sekunde tano hivi Windows inaihesabu imekufa. Na kama dirisha linafunguka na kujifunga papo hapo basi hakuna lupu kabisa, kodi imefika mwisho ikaondoka zake. Kwenye turtle dawa ni kumalizia na `turtle.done()`.

14. Skrini nyeusi tupu. Au: mraba unaacha mkia mrefu.

Ya mkia ni rahisi, hujaweka `fill`, kwa hiyo michoro ya zamani bado ipo na unachora mipya juu yake.

Nyeusi tupu, kagua kwa mpangilio huu. `flip` ipo? Unachora sehemu ambayo huioni, sasa hivi unachora upande wa nyuma, `flip` ndo inauleta mbele. Je `fill` haiko baada ya kuchora? Kama iko baada, unachora alafu unafuta kabla mtu hajaona. Kitu kiko ndani ya skrini? Chapisha x na y kwa `print`, unaweza kukuta x ni 4000. Rangi yake sio nyeusi juu ya nyeusi? Unacheka, imeshatokea.

15. Mbona nikiongeza y kitu kinashuka badala ya kupanda?

Kwenye pygame, p5.js na raylib ya 2D, sifuri iko kona ya juu kushoto na y inakua kuelekea chini, desturi iliyoachwa na skrini za zamani zilizokuwa zinachora mistari kuanzia juu. Turtle ndo tofauti, sifuri yake iko katikati na y inapanda kama kwenye daftari la hesabu. Ukihama kutoka turtle kuja pygame kila kitu kitakuwa kichwa chini siku mbili za kwanza.

16. Kwangu gemu inaenda vizuri, kwa rafiki yangu inaenda mbio, au inajikokota.

Kwa sababu unasogeza pikseli 3 kwa kila fremu, na kompyuta mbili hazitoi fremu sawa. `tick(60)` inazuia isizidi 60, lakini mashine dhaifu ikitoa 30 basi kasi imekatwa nusu. Fikiria kwa sekunde badala ya fremu. Pikseli 3 mara 60 ni 180 kwa sekunde, kwa hiyo:

```
dt = saa.tick(60) / 1000
x = x + 180 * dt
```

`tick` inarudisha milisekunde zilizopita tangu fremu iliyopita, ukigawa kwa 1000 unapata sekunde. Fremu zikiwa 30 kila hatua inakuwa kubwa mara mbili, safari ni ileile.

17. Nimetumia Rect, mchezaji anaenda kushoto vizuri lakini kulia hataki kabisa!

Hili linakuja mara tu baada ya swali la 16, nalipenda kwa sababu linaonekana kama uchawi. `Rect` ya pygame inatunza namba nzima tu. Mchezaji yuko 100, unaongeza 0.4, inakuwa 100.4, inakatwa inarudi 100. Hasogei milele. Kushoto, 100 toa 0.4 ni 99.6, inakatwa inakuwa 99, kwa hiyo anasogea, tena haraka kuliko ulivyotaka. Tunza x yako pembeni kama namba yenye desimali, alafu kabla ya kuchora tu ndo uiweke kwenye `rect.x`.

18. Picha haipatikani, au inapatikana kwangu tu. Na nikiiweka gemu inakuwa nzito.

Haipatikani: programu inatafuta kuanzia folda uliyoiendeshea, ambayo sio lazima iwe folda lilipo faili lako. Chapisha `os.getcwd()` uone. Inapatikana kwako tu: umeandika `Ndege.png` wakati faili linaitwa `ndege.png`, Windows inakusamehe, Linux haikusamehi.

Nzito: karibu nina hakika `pygame.image.load` umeiweka ndani ya lupu. Picha ya 1000 kwa 1000 ikifunguliwa ni baiti milioni 4, mara 60 kwa sekunde unasoma diski na kufungua milioni 240 bure. Itoe juu ya lupu, ipakie mara moja, na ongeza `.convert_alpha()` mwishoni.

## Ukishazoea kidogo

19. Nikiangalia video naelewa kila kitu, nikikaa peke yangu siwezi kuandika hata mstari. Na je, nitumie AI?

Ni kawaida, kuangalia mtu anaogelea hakukulowanishi. Video ikiisha ifunge, uandike upya kilekile bila kuangalia, utakwama, pale ulipokwama ndo hujaelewa. Alafu badilisha kitu kimoja ambacho video haikufanya, mraba urudi ukigonga ukuta, kwa mfano.

AI itumie kuuliza "hili kosa maana yake nini", hapo ni msaada mkubwa sana. Ukiiambia ikuandikie gemu nzima itakuandikia, na siku ya mdudu (kosa lililojificha kwenye kodi) wa aina ya swali la 17 utakuwa na mistari 400 usiyoijua, hujui hata uanzie wapi kuweka `print`. Tena wakati mwingine inakuchanganyia matoleo, ya zamani na mapya, kilekile nilichosema kwenye swali la 4.

20. Git ni lazima?

Git ni programu ya kutunza matoleo ya kodi yako. Sio lazima wiki ya kwanza. Ila siku utakapojikuta na mafaili yanaitwa gemu2, gemu_mpya na gemu_mpya_KWELI, jifunze `init`, `add`, `commit` na `log`. Hizo nne zinakutosha muda mrefu.

21. Nitajuaje nimefikia kiwango cha kwenda OpenGL?

Ukiweza kuandika gemu ya kudunda mpira yenye alama na skrini ya kuanzia bila kufungua mafunzo, na ukawa umeanza kujiuliza mwenyewe `draw.rect` inafanya nini huko chini, nenda. Chukua mafunzo ya toleo la 3.3 kwenda juu tu, yale yanayokufundisha sheda (programu ndogo zinazoendeshwa na kadi ya grafiki) tangu mwanzo. Ya kwanza kuchora ni pembetatu moja, itakuchukua jioni nzima na pengine itakataa kutokea. Ikikataa, kabla hujauliza mtu, chapisha ujumbe wa kosa la kukompaili sheda, manake OpenGL haikwambii mpaka uulize, yenyewe inanyamaza tu na kukuachia skrini nyeusi.